Bi Nukta Aomba Kuunganishwa

Tangazo. Wakazi wote wa jengo hili wanataarifiwa kwamba familia ya ghorofa ya pili, mlango wa kushoto, baada ya kutafakari kwa kina na kugombana kwa kina zaidi, imepokea ombi la kompyuta moja ya nyongeza inayotaka kuingia katika mtandao wa waya wa nyumbani. Ombi linashughulikiwa. Wananchi watulie, wasisikilize uvumi, na mtu yeyote asitie mkono ndani ya kabati la vyombo.

Mwombaji alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushee, mpiga chapa wa baraza la migogoro ya nyumba. Kazi yake ni kusikiliza watu wakigombania kuta, paa na vyoo vya pamoja, na kuandika kila neno wanalosema. Mtu akilia barazani, anaandika (analia), kisha anaendelea. Akilia sana, anaandika (analia sana). Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumkuta ameruka nukta, ndipo ofisini wakamwita Bi Nukta, na jina likamfuata mpaka nyumbani kama paka.

Mwaka ule ulimshushia mambo mawili kwa mpigo. Aliyekuwa mume wake alimrudisha kwao na masanduku mawili, moja likiwa si lake. Hata kabla hajamaliza kulirudisha hilo lisilo lake, baba yake akafa. Kwenye yote mawili Bi Nukta hakulia. Si kwamba alijikaza. Aliyatafuta machozi jinsi mtu anavyotafuta miwani, akapapasa huku na huku, akainua hiki na kile, hakuyaona, akarudi kukaa.

"Huyu moyo wake uko likizo," shangazi yake alisema mbele za watu, siku ya msiba, huku yeye mwenyewe akilia kwa wawili. "Tena likizo bila malipo."

"Sawa, Shangazi," alijibu Bi Nukta, akaenda kuosha vikombe.

Basi, katika hali hiyo, ofisi yake ikagundua jambo kubwa: kwamba pango ni ghali, na kwamba wafanyakazi wana nyumba. Wapiga chapa wote wakaambiwa waende kufanyia kazi makwao. Kila mmoja akakabidhiwa kompyuta, vidude vya masikioni, na sharti moja lililosomwa na msimamizi wao kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu.

"Ni waya tu. Mtandao wa hewani sitaki kuusikia. Unakatika katikati ya maneno. Shahidi anasema sikumpiga, kwako inafika mpiga, mtu anapoteza nyumba. Jumatatu saa tatu asubuhi nitampima kila mmoja. Ambaye hayuko kwenye waya, nafasi yake nampa mwingine. Wapo wanaosubiri, na waya wanao."

Bi Nukta aliibeba kompyuta kifuani mpaka nyumbani. Njiani alifikiri kwamba kazi hiyo ndiyo kitu pekee kilichobaki chenye jina lake juu yake, maana nyumba ilikuwa ya mama, sanduku moja lilikuwa la watu, na mume alishakuwa wa mtu. Akaona kwamba hapo inafaa aogope. Akasubiri hofu ije. Haikuja. Akavuka barabara.

Sasa ni lazima msomaji aonyeshwe kabati la vyombo.

Marehemu alikuwa fundi wa simu za waya, wa zama zile simu ilipokuwa na mkia. Alipanda nguzo mpaka magoti yakagoma, na alipostaafu hakukubali kwamba kitu chaweza kuruka hewani kikafika salama. Kampuni ya mtandao ilipomletea ruta, jambo la kwanza alilofanya ni kuizima mawimbi, kama mtu anayefunga dirisha mbu wasiingie. Halafu akatoboa kuta. Akapitisha waya mweupe juu ya kila mlango, akaubana kwa vibanio vidogo kila hatua, akaziba kila tundu la ukuta kwa saruji nyeupe. Waya zote zilikutana jikoni, kwenye rafu ya chini ya kabati, kati ya masufuria na sahani za wageni. Huko alikiweka kisanduku cha kugawia mtandao, ambacho mafundi wanakiita swichi. Kilikuwa na matundu matano. Moja lilipokea waya wa ruta. Manne yaliyobaki aliyabandikia plasta na kuyaandika kwa kalamu ya wino: MIMI. MAMA. KIJANA. DADA.

Dada ndiye yule shangazi, dada wa marehemu, aliyekuja kukaa wiki mbili zamani za kale. Kijana ni kaka mkubwa wa Bi Nukta, mtu mzima mwenye kitambi, meneja wa duka la magodoro na mwenyekiti wa kamati ya jengo, ambaye hata ndani ya nyumba aliitwa Mwenyekiti. Bi Nukta hakuwa na tundu. Hakuna ubaya. Wakati ule alikuwa kaolewa, na tundu lake lilikuwa kwa mumewe.

Jumamosi mchana kikao kilikaa jikoni. Mwenyekiti alisimama mbele ya kabati lililo wazi, mikono nyuma.

"Ajenda ni moja," alisema. "Dada yenu hapa anahitaji tundu."

"Dada yetu nani? Mimi si dada yake," alisema Shangazi. "Na tundu langu lisiguswe. Nina mchezo wa karata nimeufikisha mahali."

"Shangazi, hizo karata zinachezwa hata bila mtandao."

"Bila mtandao nani ataona nimeshinda?"

"Mimi nina vikao," alisema Mwenyekiti. "Kamati ya jengo inakutana kwenye kompyuta."

"Kamati ya watu watatu," alisema Shangazi, "na wote wanakaa ngazi hii hii. Fungua mlango upige kelele."

Mwenyekiti alijifanya hakusikia, ustadi aliokuwa ameupata kazini. Akakohoa. "Basi kuna hili tundu la kwanza. Baba, Mungu amrehemu, kwa sasa hana… hana matumizi nalo."

Bi Nukta alitazama plasta iliyoandikwa MIMI. Taa ndogo ya kijani chini yake ilikuwa inapepesa, kwa utulivu, kama jicho la mtu asiye na haraka.

"Hapana," alisema Mama.

Hapa tena inabidi kueleza. Marehemu alichukia watu kuitana kwa makelele, akaweka kwenye kompyuta zote nne programu moja ya kuandikiana. Mtu aliye chumbani aliandika CHAI IKO WAPI, na aliye sebuleni akajibu IMEKWISHA. Kando ya kila jina kulikuwa na kitone: kijani kama kompyuta ya mwenyewe inawaka, imefunguliwa na imeunganishwa, kijivu kama imezimwa. Ujumbe wa mwisho wa marehemu kwa mkewe, baada ya miaka yote ya ndoa, ulikuwa TAA YA CHOO IMEACHWA. Siku ile aliyotoka kwenda hospitali aliacha kompyuta yake ikiwaka, kwa kuwa alidhani angerudi. Haikuzimwa tena. Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, Mama aliketi mbele ya kompyuta yake akatazama orodha ya majina manne. Kitone cha mumewe kilikuwa kijani. Kando yake pameandikwa: Yupo.

"Mama," alisema Mwenyekiti kwa upole wa mtu anayeuza godoro la bei, "unajua hiyo ni mashine tu."

"Najua. Na hilo kabati ni mbao tu. Usiliguse."

"Wifi asisumbuliwe," alisema Shangazi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuongeza neno.

"Lichukue la kwangu," alisema Mama, akimgeukia binti yake. "Mwanangu, kazi ni kazi. Chukua langu."

"Ukitoa lako hutamwona," alisema Bi Nukta.

Mama alifikiri. "Basi usichukue langu."

Wote wakamtazama Bi Nukta, kwani ndiye mwenye shida, na ilifaa aseme jambo. Alikuwa ameshika ncha ya waya mrefu aliouvuta mwenyewe asubuhi ile, kutoka kwenye chumba cha kupigia pasi alikolala, kupitia juu ya milango miwili, mpaka kabatini. Waya ulikuwa wa marehemu, ulining'inia kwenye msumari tangu enzi, na ulitosha kabisa. Kilichokosekana ni pa kuuchomeka.

"Mimi nasikiliza tu," alisema.

"Jumatatu saa tatu wanakufukuza!" Mwenyekiti aliinua sauti. "Hata kukunja uso huwezi?"

Alijaribu kukunja uso. Mwenyekiti akamwambia aache.

Ufumbuzi, kama ilivyo desturi ya vikao, ulikuwa rahisi tangu mwanzo na ulipatikana mwisho, kila mtu alipokuwa amekwisha kuumia. Mwenyekiti akatangaza kwamba atanunua swichi kubwa zaidi, ya matundu manane, ili aliye hai na asiye hai wapate nafasi bila kubanana. Shangazi akapiga makofi. Mama akasema, "Ungelisema hilo kabla sijapandisha presha." Bi Nukta akasema asante, kwa sauti ileile anayotumia kuwashukuru makondakta.

Swichi ilifika Jumapili alasiri, ndani ya boksi lenye picha ya familia ya watu wanne inayocheka, wote wakiitazama swichi. Mwenyekiti alivua saa ya mkononi, akakunja mikono ya shati, akapiga magoti mbele ya masufuria. Alichomoa kutoka ya zamani na kuchomeka kwenye mpya haraka haraka, waya mmoja mmoja. Wa marehemu aliuchomoa na kuuchomeka kabla mtu hajamaliza kupiga chafya, na Mama, aliyekuwa amesimama chumbani akikodolea macho kioo cha kompyuta, akapaza sauti, "Yupo! Ametikisika kidogo, lakini yupo!" Kisha wa Bi Nukta. Nao ukawaka. Ruta na watu watano, matundu sita.

Yakabaki mawili matupu, na ndani ya boksi ukabaki waya mfupi wa bure ambao kampuni huutia ili mnunuzi asijione ameonewa. Mwenyekiti alikuwa ameshauchomeka ncha moja ili ajaribu kama tundu la saba ni zima. Ncha ya pili ilikuwa inaning'inia mbele ya sufuria kubwa.

Na sheria ya nyumba ile, ambayo marehemu aliwafundisha watoto kabla ya kuwafundisha kusalimia, ilikuwa kwamba waya hauachwi ukining'inia. Huko nguzoni, waya unaoning'inia unaua mtu. Humo ndani kila waya ulikuwa na kikomo chake: wa pasi, wa redio, hata kamba ya kuanikia nguo. Mtoto aliyeacha ncha hewani alipewa koleo na kuambiwa asilale mpaka ncha imepata pa kukaa. Mwenyekiti, na kitambi chake na kamati yake, alikuwa bado ni mtoto yule. Aliitazama ncha ile. Ilimkera. Akaishika, akaichomeka kwenye tundu la nane.

Matundu yote yakajaa. Kabati likapendeza. Taa zote nane zikaanza kupepesa kwa kasi kubwa, pamoja, kama watu wanaochekeshwa.

"Ona kazi hiyo!" alisema Mwenyekiti akinyanyuka. "Ile ya zamani ilikuwa inasinzia."

Wakaenda kula. Baada ya chakula Shangazi alirudi kwenye karata, akatoka mbio akiwa na kitambaa cha kichwa mkononi. "Nani amenikata? Nilikuwa nashinda!" Mwenyekiti akafungua kompyuta yake, hakuna kitu. Kompyuta mpya ya Bi Nukta ilionyesha alama ya dunia iliyokatwa kwa mstari. Na kutoka chumbani kwa Mama hakukusikika sauti yoyote, na hilo ndilo lililowafanya wote waende huko.

Mama alikuwa ameketi. Majina yote kwenye orodha yalikuwa ya kijivu, hata la kwake mwenyewe, aliyekuwa hai na amekaa hapo. Lakini yeye alikuwa anatazama moja.

"Ameondoka," alisema.

"Hajaondoka, Mama, ni mtandao tu," alisema Mwenyekiti. "Nazima na kuwasha, sasa hivi anarudi." Na kabla mtu hajamshika mkono, alikuwa amekwenda nyumba nzima akizima na kuwasha, kama mtu aliyeshuku kuvuja kwa gesi: ruta, swichi, kompyuta yake, ya Shangazi, ya Mama. Kisha, kwa mwendo uleule, bila kusimama, ya marehemu.

Kompyuta ya marehemu ilizimika kwa mlio mdogo. Ikawaka tena. Ikaleta uwanja wa buluu, kisanduku cheupe katikati, na maneno: Weka neno la siri.

Mwenyekiti alisimama mbele yake.

"Andika," alisema Shangazi.

"Silijui."

"Hulijui? Mtoto wa kiume wa pekee?"

Aliandika tarehe yake mwenyewe ya kuzaliwa. Ilikataa. Aliandika ya Mama, ikakataa. Shangazi akamwambia aandike jina la utoto la marehemu, akamnong'oneza sikioni huku akicheka na kulia, na hilo nalo likakataa. "Kaka yangu alikuwa msiri hata wa kijiko chake cha sukari," alisema, akaketi kitandani kwa marehemu. Sasa alikuwa analia tu. Akilini mwa Bi Nukta, bila kuitwa, maneno yalijipanga: (analia). Baadaye kidogo: (analia sana). Akangoja kuona kama na yeye kuna kitu kitakachotokea. Goti liliwasha. Akajikuna.

Jumatatu ikaingia nyumba bado haina mtandao. Mwenyekiti aliwapigia simu kampuni, wakamwambia ruta ni nzima, tatizo liko ndani kwake. "Ndani kwangu hakuna tatizo," alijibu, akiwa amevaa tai na ndala. Saa mbili na nusu ilipita. Msimamizi alituma ujumbe kwenye simu ya Bi Nukta: Sikuoni bado. Yule mwingine nimeshamwambia akae karibu.

Bi Nukta aliusoma mara mbili, kwa mazoea ya kazi. Hakuwa fundi wala hakujua lolote kuhusu swichi. Alijua namna moja tu ya kushughulika na jambo lisiloeleweka: unarudi mwanzo, unasikiliza tena, polepole. Basi akarudi mwanzo. Akaushika waya wake pale unapotoka kwenye kompyuta, akaufuata kwa vidole juu ya mlango wa kwanza, juu ya mlango wa pili, mpaka kabatini. Akarudi chumbani kwa Mama, akaufuata wa Mama. Wa Shangazi. Wa Kaka. Wa Baba aliufuata kama zile nyingine, kibanio kwa kibanio. Kila waya ulianza kwa mtu ukaishia kabatini. Akapiga magoti mbele ya masufuria, na taa zikampepesea usoni kwa fujo. Ukabaki waya mmoja ambao hakuutambua. Akaufuata. Ulikuwa mfupi kama mkono wa mtoto. Ulianzia kabatini ukaishia kabatini.

"Kaka."

"Nini tena?"

"Huu unaenda kwa nani?"

Mwenyekiti aliinama. "Huo hauendi kwa mtu."

"Sasa una kazi gani?"

"Usining'inie."

Walitazamana. Bi Nukta akauchomoa, ncha moja, kisha ya pili. Taa zikasita, kisha zikarudi kwenye mwendo wa kawaida, kila moja kwa wakati wake. Sebuleni Shangazi akapiga ukelele kwamba karata zimerudi, ila sasa anashindwa. Mwenyekiti alibaki ameinama, akiutazama waya mfupi mkononi mwa dada yake. Swichi ilikuwa imekaa usiku kucha ikijisemesha na kujijibu yenyewe, kwa kelele, mpaka hakuna mwingine aliyeweza kupenyeza neno.

"Mimi ndiye niliyemzima," alisema Mwenyekiti polepole. "Ningengoja asubuhi tu."

"Ndiyo," alisema Bi Nukta. Akamkabidhi ule waya, akaenda kazini, hatua kumi na mbili hivi.

Msimamizi alikuwa anamsubiri. Alimsomea ukurasa wa kesi ya ngazi iliyojengwa upande wa jirani, na Bi Nukta akauandika bila kuacha neno. Msimamizi akamwambia akae tayari, baraza linaanza, nafasi ni yake. Yule mwingine ataambiwa aendelee kukaa karibu na kitu kingine. "Hongera," alisema msimamizi. "Lazima umefurahi." Bi Nukta akasema sauti inafika vizuri.

Mama aliingia bila kubisha. Alikuwa amenawa uso. Nyuma yake Mwenyekiti alisimama mlangoni, tai imelegea.

"Kwa baba yako kumebaki kijivu," alisema Mama.

"Ndiyo, Mama."

"Kaka yako anasema hakufunguki."

"Hakufunguki."

Mama alipangusa vumbi lisilokuwepo kwenye ukingo wa meza ya kupigia pasi. "Nimemwambia akutie na wewe kwenye ile orodha. Muda wote huo ulikuwa humu ndani na jina lako halimo."

Mwenyekiti aliingia, akaminya hiki na kile juu ya bega la dada yake, asimtazame. Mama akatoka. Walimsikia akiketi kwenye kiti chake, chumba cha tatu, kile kiti kinacholia. Halafu kiti kikalia tena, na Mama akarudi, mkono umeshika ukuta.

"Nimekuona," alisema. "Kijani kabisa. Imeandikwa Yupo." "Mwanangu, mimi sasa kila asubuhi nitakuwa naangalia kwako. Nikikuona wewe, siku yangu imeanza. Nakuomba kitu kimoja tu hapa duniani. Usiizime."

Bi Nukta aliweka vidude masikioni, akasogeza kiti.

"Zamu ikiisha nazima, Mama."